Kila akiandika "alisema" kompyuta inajifunga: kisa cha kibodi niliyoipanga mwenyewe

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa sauti, mfupi, nusu yake kicheko cha hasira. "Mdogo wangu, hii kibodi yako imerogwa. Nikiandika alisema kompyuta inajifunga, naweka nywila narudi naandika tena alisema, inajifunga tena. Njoo uichukue."

Niseme mapema ili tusitafute mchawi, kosa lilikuwa langu. Kibodi yenyewe haikuwa na shida yoyote.

Huyu dada ni mtafsiri, kutwa nzima anaandika Kiswahili, na alitaka kibodi ya vipande viwili ili mikono ikae wazi isibanane pale katikati. Tukachagua Corne, ile ya vitufe 42, nusu mbili zinaunganishwa na waya na kila upande una vitufe vitatu vya gumba. Nikamchomekea swichi, nikaweka vifuniko, nikampangia vitufe kwa Vial, ile programu ya kubadilisha mpangilio huku kibodi imechomekwa, nikamkabidhi nikiwa najiona fundi kweli kweli.

Sasa kibodi ya vitufe 42 haina nafasi ya kila kitu, kwa hiyo kitufe kimoja hupewa kazi mbili. Ukikibofya na kuachia kinatoa herufi, ukikishikilia kinakuwa kitufe cha amri, yaani Ctrl, Shift, Alt au Win (kile chenye nembo ya Windows). Kuna mpangilio maarufu sana ambao watu wa vibodi hivi wanaunakili wao kwa wao, amri zote zinakaa mstari wa katikati ambapo vidole vinapumzika: A ni Win, S ni Alt, D ni Ctrl, F ni Shift, na mkono wa kulia ni kama kioo, J ni Shift, K ni Ctrl, L ni Alt, nukta-mkato ni Win. Huo ndio niliomwekea. Mimi mwenyewe ninao, mwaka wa pili huu, naandika msimbo wa programu na barua pepe za Kiingereza na sijawahi kulalamika.

Siku ya kwanza alilalamika kitu kingine kabisa. Alisema shotikati zinachelewa, anashika K anabonyeza C ili anakili, inatoka "kc" kwenye maandishi. Ni kweli, manake QMK, ile programu inayoendesha kibodi kwa ndani, kwa kawaida inasubiri milisekunde 200 ndiyo iamue kwamba kitufe kimeshikiliwa. Ukiwahi kabla ya hapo inahesabu umebofya tu. Nikafungua Vial, kwenye mipangilio ya QMK nikaona kisanduku kimeandikwa "Hold On Other Key Press", nikakiweka tiki. Nikajaribu kunakili na kubandika, ikawa papo hapo. Nikafunga. Sikuandika hata neno moja la Kiswahili kupima.

Kesho yake ndo ule ujumbe wa sauti.

Nilianza kutafuta pasipo. Nikamwuliza kama kompyuta ina kirusi, kama aliweka programu mpya, kama waya umelegea. Akachomoa kibodi yangu akaandika kwa ile ya kompyuta yenyewe, alisema alisema alisema, hamna kitu. Sawa, basi ni kibodi. Nikawaza labda swichi ya A inarudia au inakwama, nikamwelekeza afungue kipimo cha matriksi ndani ya Vial, kile kinachoonyesha kila kitufe unachobonyeza (inakutaka kwanza ushikilie vitufe fulani kuifungua, ni ulinzi ili mtu asisome unachoandika) na kila kitufe kikawaka kikazima vizuri. Nikaenda kuichukua, nikaichomeka kwangu, nikaandika alisema mara ishirini. Inatoka alisema. Hapo ndo nikaanza kudhani dada anachoka macho, na namshukuru Mungu sikumwambia hivyo.

Kilichotuokoa ni daftari. Nilimrudishia kibodi nikamwomba siku nzima aandike pembeni, kwa kalamu, neno alilokuwa anaandika na kilichotokea, asieleze sababu. Jioni akanitumia picha ya ukurasa. Nanukuu kama ulivyo: alisema, imejifunga. amekuja, madirisha yote yameshuka. anasema, imefunguka ile sehemu ya taarifa na kalenda. atakuja, imeruka kwenye zile aikoni za chini. kwa, imefunga ukurasa wa mtandao. kwamba, imefunga tena!! jana, imeandika Ana. katika, IMEFUTA KAZI YOTE. Halafu chini kabisa: nilisema sawa, tulikuja sawa, ng'ombe mara nyingine inatoka ngómbe mara nyingine sawa, sijui.

Nilisoma mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikasoma kwa sauti nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu alichoniletea ni somo la sarufi. Ali-, ame-, ana-, ata-. Nafsi ya tatu umoja, nyakati zote nne, na kila wakati una adhabu yake! Win na L kwenye Windows inafunga skrini. Win na M inashusha madirisha yote. Win na N kwenye Windows 11 inafungua taarifa na kalenda. Win na T inatembea kwenye aikoni za chini. Niliyempa A kazi ya Win ni mimi. "Nilisema" iko salama na Win kwa sababu inaanza na N, "tulikuja" iko salama na Win kwa sababu hamna A inayofuatwa na L wala M pale mbele, ila angeandika "walikuja" yangemkuta yaleyale.

Upande wa pili ni J na K. J nimeipa Shift, ndo maana "jana" ikatoka Ana. K nimeipa Ctrl, na Ctrl na W inafunga ukurasa, kwa hiyo mtu akiandika "kwa" amefunga ukurasa, na niambie wewe utaandikaje Kiswahili bila kwa. Katika ndo mbaya kuliko zote: Ctrl na A inachagua maandishi yote, halafu herufi inayofuata, T, inakuja juu ya kilichochaguliwa, kazi ya asubuhi nzima inapotea na kwenye ukurasa mweupe inabaki "tika". Alirudisha kwa Ctrl na Z, tena kwa kibodi ya zamani maana hii alikuwa haiamini tena.

Ila kwa nini kwangu ilikuwa inatoka sawa? Hapa inabidi tuangalie vidole kwa karibu, tena kwa milisekunde. Mtu anayeandika haraka haachii kitufe kimoja ndiyo abonyeze kingine, vidole vinapishana. Tuseme kidole kidogo kinashuka kwenye A saa sifuri. Milisekunde 70 baadaye kidole cha mkono wa kulia kinashuka kwenye L huku A bado iko chini. Kwenye 100 A inaachiwa, kwenye 150 L inaachiwa. Kwa macho ya binadamu ni "al", imekwisha hiyo. Kibodi ndo inatakiwa iamue, na inaamua kulingana na kanuni uliyoipa.

Kwa kanuni ya kawaida A imeachiwa kabla ya 200, kwa hiyo ni herufi, inatoka a halafu l. Kwa kanuni inayoitwa "Permissive Hold" inauliza: je, L ilibonyezwa NA kuachiwa wakati A bado iko chini? Hapana, A ilitangulia kuachiwa, kwa hiyo bado ni herufi. Kwa kanuni yangu ile ya tiki haisubiri chochote, ile milisekunde ya 70 L inapogusa tu, imeshaamua kwamba A ni Win. Skrini imefungwa kabla hata kidole hakijanyanyuka.

Mimi nilipokuwa nakagua nilikuwa naandika kama mkaguzi, herufi moja, nanyanyua, herufi ya pili. Vidole vyangu havikupishana hata mara moja. Nilikuwa napima kitu ambacho hakuna mtu anakifanya.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi, kuondoa tiki. Hali ikatulia sana lakini haikuisha, siku ile bado ilijifunga mara mbili, na likazuka jipya: menyu ya Start inafunguka yenyewe na herufi A haitoki kabisa. Hii nayo ina maelezo yake. Mtafsiri anawaza. Anaanza sentensi, kidole kinakaa kwenye A huku anatafuta neno, zinapita 200, kibodi inasema ameshikilia, ni Win, akiachia bila kubonyeza kingine Windows inaona mtu amegusa Win peke yake, inafungua Start. Nikaongeza muda mpaka 280. A zikarudi, shotikati zikachelewa, tukarudi kwenye lalamiko la siku ya kwanza. Unavuta huku inafunuka kule, shuka fupi.

Nikaingia kusoma. Watu wengi wanashauri kanuni ya mikono tofauti, kwa QMK inaitwa Chordal Hold, inasema kitufe cha kazi mbili kikubali kuwa amri pale tu kitufe cha pili kiko mkono mwingine, kikiwa mkono uleule ihesabiwe herufi. Ni kanuni nzuri sana na nilikaribia kuiweka bila kufikiri, maana kwa Kiingereza inatibu mengi, as, at, ad zote ni mkono mmoja. Ila nikachukua lile daftari nikapitia neno kwa neno. A iko kushoto. L kulia, M kulia, N kulia. Kwa hiyo ali-, ame-, ana- zote ni mikono tofauti, kanuni inaziachia zipite kuwa Win bila kizuizi. Inaokoa ata- peke yake, kwa kuwa T iko kushoto. K iko kulia, W na A kushoto, kwa hiyo kwa na katika nazo haziokoki. Yaani dawa wanayoisifu wote, kwa lugha hii inatibu wakati ujao tu.

Hapo ndo niliacha kuhangaika na milisekunde. Shida ilikuwa nimeiweka Win mahali ambapo Kiswahili kinaishi. Chukua neno hawatakaa: herufi tisa, tano ni A. Wanaanza: nane, nne ni A. Huo mpangilio maarufu ulikaa vizuri kwa watu ambao herufi wanayoitumia zaidi ni E, na E iko mstari wa juu haina kazi ya pili, wakampa A kazi ya ziada kwa sababu kwao A inavumilika. Sisi tumeibeba ilivyo. Nilichukua tafsiri mbili tatu za dada nikahesabu herufi kwa programu ndogo, A ikaongoza kwa mbali mno, I ikafuata, na K ilikuwa inanikodolea macho huko juu kwa ajili ya ku-, ki-, ka- na kwa. Chini kabisa, Q na X. Alfabeti ya Kiswahili haina hata hizo mbili, zilikuwepo kwa ajili ya majina ya watu na nchi tu.

Basi. Tukakaa naye, nikahifadhi mpangilio wa zamani kwenye faili kwanza (Vial inakuhifadhia wote kwenye faili moja, fanya hivyo kabla hujagusa kitu) tukaanza upya. Kazi ya Win ikahamia Q. Ukibofya Q inatoka q, ukishikilia ni Win, na kwa kuwa hakuna neno lenye q analoliandika haraka, hata ningeiwekea ile tiki yangu isingedhuru. Shift ikaenda kwenye gumba la kushoto, ile ya kugusa mara moja kisha herufi inayofuata inatoka kubwa, huhitaji kushikilia. Alt ikaenda kwenye alama ya mkwaju. Mstari wa katikati ukabaki herufi tupu, hakuna kinachosubiri, hakuna kinachoamuliwa.

Na Ctrl? Hapa niliona aibu kidogo. Corne inapokuja na mpangilio wake wa kawaida ina Ctrl pembeni kabisa ya A, kwenye ile safu ya nje, inatulia pale. Mimi ndo niliyeiondoa nikaweka Esc, kwa kuwa mimi natumia Esc sana kwenye kazi yangu. Dada hajui hata Esc inafanya nini zaidi ya kutoka kwenye video. Nikairudisha. Esc ikaenda leya ya pili, yaani seti nyingine ya kazi za vitufe vilevile.

Kikabaki kitendawili cha ng'ombe. Hiki kilinila jioni nzima kwa sababu hakikuwa na mpangilio, mara ng'ombe, mara ngómbe, mara ng'ambo, mara ngámbo. Nikatafuta kwenye Vial labda kuna makro inayotoa herufi zenye alama juu, hamna, na isingewezekana kirahisi hivyo kwa sababu kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe tu, kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani kulingana na lugha uliyoiwekea. Nikauangalia upande wa kompyuta, nikakuta ana mipangilio miwili, ya kawaida ya Marekani, na ile ya kimataifa aliyoiongeza zamani kwa ajili ya majina ya Kifaransa. Kwenye ile ya kimataifa alama ya ng' inasubiri irabu inayofuata ili ikae juu yake, ukiandika ' halafu o unapata ó. Hiyo inaeleza ngómbe. Haielezi kwa nini mara nyingine.

Jibu nililipata nikiwa naosha vyombo, siyo hata mbele ya kompyuta. Windows ikiwa na mipangilio miwili unabadilisha kwa Win na nafasi. Na maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu. Jana, sana, kazi ya, habari za, watu wa: kila neno linaloishia na A, gumba likiwahi kwenye nafasi kabla kidole kidogo hakijanyanyuka, ni Win na nafasi, lugha imebadilishwa. Alikuwa anaruka kati ya mipangilio miwili labda mara kadhaa kwa aya moja bila kujua. Nikampigia, nikamwuliza, dada, uliwahi kuona kijisanduku kinatokea pembeni chini na kupotea? "Hicho si kipo siku zote? Nilidhani ni cha kibodi mpya."

Alikuwa hajaandika kwenye daftari kwa sababu hakikumsumbua. Sikumlaumu, mimi ndo niliyemwambia aandike kinachoharibika tu.

Kwa hiyo ng'ombe nayo ilikuwa ni ile ile A, imepita mlango wa nyuma. Tulivyohamisha Win kwenda Q, ngómbe ikakoma siku hiyohiyo, na mpangilio wa kimataifa tukauacha ulipo kwa sababu anauhitaji. Nilijaribu pia kumwekea ng' yote kwa kubonyeza N na G kwa pamoja, ujinga mwingine, maana nguo, ngapi, ngoja zote vidole vinagusa N na G karibu kwa wakati mmoja na zikaanza kutoka ng'uo. Nikaitoa ndani ya dakika tano. Ilipokubalika ni leya ya gumba, unashika gumba unabonyeza N inatoka ng', na hata hiyo anasema haitumii, amezoea kuandika herufi tatu zake.

Tiki ya "Hold On Other Key Press" nimeiacha imeondolewa, muda nimeurudisha 200. Wiki ya kwanza alikuwa bado anashika K akitafuta Ctrl, anapata "kkkkkk", anatukana, anahamia pembeni. Wiki ya pili imepita kimya, na kwa dada huyu kimya ndo pongezi.

Mpangilio wangu mwenyewe sikuugusa. Nilijaribu kuandika maelezo haya kwa kibodi yangu na "Permissive Hold" ikiwa imewashwa, na kwenye aya ya pili madirisha yote yakashuka, neno lilikuwa "amekuja". Kidole kidogo ni kivivu, kinashuka wa kwanza kinanyanyuka wa mwisho, L au M zinabonyezwa na kuachiwa yeye bado yuko chini. Kwa Kiingereza huwa naponea kwa kuwa A zangu ni chache. Nimemalizia kwa kibodi ya kompyuta.

Jana akanitumia ujumbe mwingine wa sauti. Moyo ukaruka. Kumbe amepewa tafsiri ndefu ya mambo ya Qatar, na kila akiliandika hilo jina kwa haraka akiwa amechoka anashikilia Q kupita kiasi, inafunguka ile paneli ya sauti na mwanga pembeni. "Mdogo wangu, wewe si ulisema Kiswahili hakina Q?" Nimemwekea Q tupu kwenye leya ya gumba mpaka amalize hiyo kazi.